Ufunguo Usiojua Kusema "Sijui": Namna ya Kumtambua Nzi Kimelea

Tangu mwaka 2023 kuna nzi mmoja wa rangi ya buluu na kijani ambaye hakauki kwenye habari za mifugo. Jina lake la kisayansi ni Cochliomyia hominivorax. Kwa lugha nyepesi tumwite nzi wa buu-skrubu, kwa kuwa buu wake amezungukwa na pete za miiba na hujichimbia kwenye nyama hai kama skrubu inavyozama ubaoni. Alikuwa ameshafukuzwa Amerika ya Kaskazini na ya Kati mpaka Panama. Kisha akarudi, akapita Costa Rica, Nicaragua, Honduras na Guatemala, na Novemba 2024 akathibitishwa Mexico. Nyuma yake zikafuata picha. Nzi yeyote wa kijani aliyetua dirishani alipigwa picha, akawekwa mtandaoni na kubandikwa jina lile lile la kutisha.

Picha nilizoziona mimi hazikuwa na hata alama moja ya kumtenga nzi yule na binamu zake. Siwalaumu waliopiga. Alama zenyewe ni ndogo, ziko mahali ambapo mtu hana sababu ya kupatazama, na njia ya kuzifikia ni nadra kufundishwa nje ya maabara. Njia hiyo huitwa ufunguo wa utambuzi. Ukiielewa utaona kwa nini mtaalamu akiletewa nzi hakimbilii kutaja jina, bali humgeuza ubavu kwanza.

Tupatane kwenye maneno

Nzi, kwa maana ya kisayansi, ni mdudu mwenye mabawa mawili tu. Nyuki, nyigu na kipepeo wana manne. Kwa nzi, yale mawili ya nyuma yamegeuka vijirungu, kila kimoja kama kichwa cha pini, vinavyomsaidia kushika mizani akiwa hewani. Kwa kipimo hicho mbu ni nzi, usubi ni nzi, mbung'o na pange pia ni nzi. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa la utambuzi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: hesabu mabawa. Mdudu mwenye milia ya njano na nyeusi anayekutisha kama nyigu, ukimhesabu ukakuta mawili, umeshatoka kwa nyigu.

Neno linalotutesa zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili ni "funza". Funza ni yule buu mweupe anayenyonganyonga kwenye mzoga. Funza huyo huyo kwa jina ni yule anayeingia kwenye vidole vya miguu, ambaye wengine humwita tekenya. Huyu wa vidoleni si nzi wala buu wa nzi. Ni kiroboto jike, Tunga penetrans, aliyejizika kwenye ngozi na kuvimba kwa mayai. Mtu akisema "nimetolewa funza" bado hajasema ametolewa nini. Katika makala haya nitasema buu, nikimaanisha mtoto wa nzi kabla hajawa pupa.

Limebaki neno kimelea. Kimelea huishi juu ya mwili wa kiumbe mwingine au ndani yake, na hula kwake. Huyo anayeliwa ndiye mwenyeji. Nzi vimelea hawafanani kwa tabia. Wako ambao buu wao humla mwenyeji polepole mpaka akafa: familia ya Tachinidae ndiyo mfano mkuu, ikiwa na spishi zaidi ya 8,500 zilizokwishapewa majina, na wengi wao hushambulia viwavi. Wengine hutaga yai mgongoni mwa kiwavi, wengine humwaga mayai madogo mno kwenye majani ili kiwavi ayameze mwenyewe akila. Yupo hata mmoja, Ormia ochracea, anayemfuata nyenje dume gizani kwa kumsikiliza anavyolia, akitumia masikio yaliyo mbele ya kifua chake, nyuma kidogo ya kichwa.

Wako wengine ambao mabuu wao hukaa ndani ya mnyama aliye hai, kwa kawaida bila kumuua, kama Oestrus ovis anayemwachia kondoo mabuu puani. Na wako ambao nzi mzima mwenyewe ndiye kimelea: bapa kama chawa, ameng'ang'ania manyoya au unyoya. Baadhi ya wale wa popo hawana mabawa kabisa na wanafanana na buibui. Kwa hao, ile kanuni yangu ya kuhesabu mabawa inavunjika, na si mara ya mwisho kanuni kuvunjika hapa.

Ufunguo unavyofanya kazi

Fikiria unaitafuta nyumba katika mji usioujua. Huna ramani, ila kila njia panda pana mtu anayekuuliza swali moja: unakokwenda kuna mlima au hakuna? Ukijibu "upo" anakuelekeza kulia, ukijibu "haupo" unakwenda kushoto. Njia panda inayofuata, swali jingine. Mwisho unasimama mlangoni.

Ufunguo wa utambuzi ni mfululizo wa njia panda hizo. Kila hatua ina kauli mbili zinazopingana kuhusu sehemu moja ya mwili. Unachagua iliyo kweli kwa nzi uliye naye, nayo inakupeleka kwenye namba ya jozi inayofuata, mpaka ufike kwenye jina. Mtindo huu wa kauli mbili mbili ulipata umaarufu kwa Mfaransa Lamarck, aliyeutumia mwaka 1778 katika kitabu chake cha mimea ya Ufaransa ili mtu asiye msomi aweze kulitambua ua mwenyewe. Wa nzi ni huo huo.

Huu hapa ni mmoja mdogo, kwa nzi wanene wa umbo la nzi wa nyumbani. Nimeurahisisha mno, usiupeleke maabara:

1. Ubavuni, chini ya kitundu cha nyuma cha kupumulia na juu kidogo ya mashina ya miguu, kuna safu ya singa imara, yaani nywele nene: nenda 2. Safu hiyo haipo: nzi wa nyumbani na jamaa zake (Muscidae na wengine).
2. Mdomo umefifia, karibu haupo. Mwili una manyoya laini: Oestridae. Mdomo ni kamili: nenda 3.
3. Ukimtazama kwa ubavu, chini ya kingao kilicho nyuma ya kifua pametokeza uvimbe wa mviringo: Tachinidae. Hakuna uvimbe, au ni hafifu: nenda 4.
4. Mwili ni wa kijivu, kifua kina mistari mitatu myeusi, na pembeni mwa kifua, juu, kwa kawaida kuna singa nne, mbili kubwa na mbili ndogo: Sarcophagidae. Mwili mara nyingi unang'aa buluu au kijani, na pembeni mwa kifua kuna singa mbili: Calliphoridae.

Huo uvimbe wa hatua ya tatu nausifu kwa kila anayeanza. Kingao ni kile kipande cha pembetatu mgongoni, kifua kinapoishia. Kwa nzi wa Tachinidae, chini yake kuna kingine kimetuna, kama mdomo wa chini unaotokeza chini ya mdomo wa juu. Ukishauona mara moja hutausahau, na unaonekana kwa lenzi ya mkononi inayokuza mara 10.

Na huo mdomo uliofifia wa hatua ya pili una hadithi yake. Nzi wa Oestridae akishakuwa mzima hali chakula. Alikula yote akiwa buu, ndani ya mnyama. Kilichobaki ni kutafuta mwenza, kuzaa na kufa, basi mdomo umebaki kama alama tu.

Sasa lije jambo ambalo, kwa maoni yangu, wengi hawaambiwi. Ufunguo haujui kusema "sijui". Uwekee nyuki, utakupa jina la nzi. Uwekee nzi wa bara jingine, utakupa jina la nzi wa bara ulikoandikiwa. Ukikosea kwenye hatua ya kwanza, utaendelea kujibu maswali yote yaliyobaki kwa uaminifu mkubwa na kufika mlangoni, ila nyumba siyo. Hakuna kengele itakayolia. Kwa hiyo kila ufunguo una mipaka iliyoandikwa mwanzoni: ni wa eneo gani, wa familia ipi, wa madume peke yake au wa jinsia zote, wa nzi wazima au wa mabuu. Watu huruka ukurasa huo, wakaingia moja kwa moja kwenye namba 1.

Macho yetu hupenda visivyofaa

Mpe mtu nzi, atakueleza rangi na ukubwa. Vyote viwili ni mashahidi wabovu.

Tuanze na ukubwa. Ipo imani kwamba nzi mdogo ni mtoto wa nzi mkubwa. Hapana. Nzi akishatoka kwenye pupa na mwili ukakauka, hakui tena. Kukua kote kumefanyika akiwa buu. Kwa hiyo ukubwa wa nzi mzima unaeleza tu buu alishiba kiasi gani. Mabuu sita wa Tachinidae wakigawana kiwavi mmoja hutoka nzi wadogo. Buu mmoja akimpata kiwavi huyo peke yake hutoka nzi mnene wa spishi ile ile.

Rangi nayo inadanganya kwa pande zote. Calliphoridae wengi wanang'aa kama chuma kilichosuguliwa, lakini Cordylobia anthropophaga, ambaye buu wake huingia kwenye ngozi ya mtu, ni wa familia hiyo hiyo na ana rangi ya kahawia ya manjano isiyong'aa. Upande wa pili, katika familia ya nzi wa nyumbani wapo wa jenasi Neomyia, kijani kinachometa, ambao mabuu wao hukua kwenye samadi na hawana habari na jeraha la mtu. Weka Neomyia na Lucilia, nzi wa kijani wa Calliphoridae, pamoja kwenye picha ya simu, wengi watasema ni ndugu. Wageuze ubavu utafute ile safu ya singa ya hatua ya kwanza: Lucilia anayo, Neomyia hana. Tena nzi aliyetoka kwenye pupa muda si mrefu huwa amepauka na mabawa yamekunjamana. Wengi wamedhani wamegundua kitu kipya, kumbe ni nzi ambaye hajakauka.

Basi wataalamu hutazama nini? Singa. Na singa, na singa tena.

Singa si unywele tu. Singa ni nene, ina ncha, na imesimama kwenye kikombe chake kidogo kama mlingoti kwenye shimo. Mahali singa zilipo na idadi yake hazibadilikibadiliki sana ndani ya spishi, kwa sababu nyingi ni viungo vya kuhisi vyenye mshipa wa fahamu chini yake. Ndiyo maana funguo za Tachinidae zimejaa hesabu: singa ngapi mbele ya mshono wa kifua, ngapi nyuma yake, ngapi kwenye muundi wa mguu wa kati, zipo au hazipo kwenye mashavu chini ya jicho.

Ugumu ni kwamba singa hudondoka. Nzi aliyepigana na wavu, akatikiswa ndani ya chupa, akakaa mfukoni siku nzima, anafika mezani nusu kipara. Hapo hesabu ile kama unavyohesabu vifungo vya shati kuukuu. Kifungo kimetoka, lakini matundu ya uzi bado yapo. Tafuta kikombe kitupu, kihesabu kama singa. Kisha hesabu upande wa pili, maana mara nyingine nzi ana tatu kushoto na nne kulia, na hapo utakuwa na kazi ya kuamua ipi ndiyo kawaida yake. Kwa sababu hiyo pia nzi anayehifadhiwa huchomwa pini kulia kidogo ya mstari wa katikati ya kifua: pini itaharibu singa za upande mmoja, wa kushoto ubaki salama.

Kuna na vumbi. Silo vumbi la barabarani, ni utando wa chembe ndogo unaofanya mwili wa nzi uonekane wa fedha, wa kijivu au wa dhahabu. Linafanya kama kitambaa cha mahameli ukikipitishia mkono: ukiligeuza upande huu ni jeupe, upande ule ni jeusi. Ufunguo ukisema "tumbo lina mkanda wa vumbi la fedha", mzungushe nzi chini ya taa kabla hujajibu. Na kama nzi amelowekwa kwenye spiriti, vumbi hilo halisomeki vizuri mpaka akaushwe. Kuna atakayekushauri uweke kila kitu kwenye spiriti. Kwa nzi wa Tachinidae, ushauri huo ni hasara.

Jinsia ni hatua nyingine inayoangusha watu. Kwa nzi wengi, macho ya dume yanakaribiana juu ya kichwa mpaka karibu yagusane, na ya jike yameachana. Wengi, si wote. Kwa familia ya Sarcophagidae, wale wa kijivu wenye tumbo la madoadoa kama ubao wa drafti, spishi nyingi zinafanana kwa nje kiasi kwamba jina hupatikana kwa kutazama viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Ukiwa na jike peke yake, mara nyingi unaishia kwenye jenasi, na kuishia hapo ni jibu kamili. Naliona jambo hili likiwakera watu, kana kwamba mtaalamu amewanyima kitu. Lakini nzi mwenyewe ndiye amekataa kusema zaidi.

Nisiwatishe bure, zipo alama moja moja zinazomaliza kesi. Mbung'o, kwa mfano, ana chumba katikati ya bawa, kilichozungukwa na mishipa, chenye umbo la shoka. Bawa moja lililookotwa chini linatosha. Ukimwona mzima, mabawa yake yamelaliana mgongoni kama mkasi uliofungwa, na mrija wa kunyonyea umenyooka mbele.

Makosa ya jina na mizoga iliyochomwa bure

Rudi kwa nzi wa buu-skrubu. Ana ndugu wa jenasi moja, Cochliomyia macellaria. Wote wawili wana mistari mitatu myeusi kwenye kifua cha buluu-kijani. Macellaria alipewa jina mwaka 1775. Hominivorax alipewa lake mwaka 1858 na daktari Mfaransa, Coquerel, kutokana na mabuu waliomshambulia binadamu huko Guyana ya Kifaransa. Majina mawili yalikuwepo, ila kwa miongo mingi wafugaji na hata wataalamu wa Marekani waliwachukulia nzi wa mzoga na nzi wa jeraha kuwa ni yule yule.

Ona kosa hilo lilivyozaa. Kama nzi anayeua ng'ombe ndiye anayejaa kwenye mizoga, basi choma mizoga, tega mitego yenye nyama iliyooza. Mitego ilijaa nzi. Ilijaa macellaria, anayekula vilivyokufa na ambaye kwenye jeraha hufika amechelewa, kufuata kilichooza. Yule anayetaga ukingoni mwa jeraha bichi, mayai mamia yamepangwa kama vigae vya paa, hakuwa na shida na mizoga.

Mwaka 1933 watafiti Cushing na Patton walitangaza kwamba ni spishi mbili. Wakampa yule wa jeraha jina jipya, americana, na baadaye ikagundulika kuwa ndiye hominivorax wa Coquerel, basi jina la kale likarudi. Tofauti za nje ni za kutafuta kwa subira. Macellaria ana madoa meupe ya vumbi pembeni mwa pingili ya mwisho ya tumbo inayoonekana, na vinywele vya chini usoni, kando ya jicho, ni vya rangi hafifu. Kwa hominivorax vinywele hivyo ni vyeusi. Kwa mabuu waliokomaa tofauti ni rahisi zaidi: kwa hominivorax mirija miwili ya hewa inayotoka mkiani imekuwa myeusi na inaonekana kupitia ngozi katika pingili kadhaa za nyuma. Kwa macellaria haina weusi huo.

Kutenganisha nzi hao ndiko kulikofungua mlango. Watafiti sasa walimchunguza hominivorax peke yake, wakaona kwamba jike wake kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Mtafiti Edward Knipling akafikiri: tukiwamwagia madume waliofanywa tasa kwa mionzi, jike atakayepandwa na tasa ataishia na mayai yasiyoanguliwa. Mwaka 1954 njia hiyo ilimfuta kisiwani Curaçao. Ilipofika 1991 Mexico nayo ilikuwa imetangazwa huru. Alipozuka Libya mwaka 1988, nzi tasa walisafirishwa kwa ndege kutoka Mexico, naye akamalizwa. Ila njia hii haisamehe makosa ya jina. Duniani yuko nzi mwingine mwenye tabia ile ile ya kula jeraha hai, Chrysomya bezziana wa Afrika na Asia, na madume tasa wa spishi moja hawana kazi kwa majike wa nyingine.

Ukiwa na buu mkononi

Mara nyingi kinachopatikana ni buu, na buu hana bawa wala singa za kuhesabu. Hapo ufunguo unahamia nyuma. Mkiani mwa buu kuna sahani mbili ndogo za kupumulia, kama macho mawili, na watu wengi hudhani kweli ndicho kichwa. Kichwa kiko upande uliochongoka. Kila sahani ina nyufa: mbili kwa buu wa hatua ya pili ya kukua, tatu kwa wa hatua ya tatu na ya mwisho. Nyufa zilizopinda kama mawimbi ni za nzi wa nyumbani. Zilizonyooka ni za Calliphoridae. Kisha hutazamwa kama mzingo wa sahani umefunga duara au umeachwa wazi.

Buu wa kupelekwa kwa mtaalamu achovywe kwanza kwenye maji ya moto sana kwa nusu dakika hivi, ndipo awekwe kwenye spiriti. Akitumbukizwa hai ndani ya spiriti hujikunyata na kuwa mweusi, na zile alama zinapotea. Kama buu yumo mwilini mwa mtu au mnyama, kumtoa ni kazi ya daktari, na mwambie asimtupe.

Hapa pia pana dhana ya kurekebisha, kwamba kila buu kwenye jeraha anakula nyama hai. Mabuu wa Lucilia sericata waliokuzwa bila vijidudu hutumiwa hospitalini kusafisha majeraha sugu, kwa kuwa hupendelea nyama iliyokufa. Marekani iliwaruhusu rasmi mwaka 2004. Spishi hiyo hiyo, kwenye manyoya machafu na mabichi ya kondoo, hugeuka balaa. Jina peke yake halimalizi maneno.

Si simu ina programu? Si kuna DNA?

Programu za kutambua wadudu kwa picha ni msaada mzuri wa kufika kwenye familia, na kwa spishi zenye sura ya pekee zinaweza kupatia. Lakini nazo zina ugonjwa ule wa ufunguo, kwani hupendekeza jina hata pasipostahili. Tofauti ni kwamba ufunguo unakuonyesha ulipopita, kwa hiyo unaweza kurudi kwenye namba 7 ukasema hapa nilibahatisha. Programu haikuonyeshi njia. Kama singa za ubavuni hazimo kwenye picha, hakuna hesabu itakayozirudisha.

DNA ni hoja nzito zaidi. Kipande kifupi cha jeni moja, chenye herufi zipatazo 650, hulinganishwa na maktaba ya vipande vya nzi wanaojulikana. Ila "wanaojulikana" maana yake kuna mtu aliyekaa na hadubini na ufunguo akawapa jina. Maktaba ikipewa jina bovu, hurudisha jina bovu.

Hata hivyo DNA imewaumbua wenye funguo pia. Huko Guanacaste, Costa Rica, nzi wa Tachinidae wa jenasi Belvosia walikuwa wametambuliwa kwa sura kuwa spishi 20. Kati yao 17 zilikuwa na mwenyeji mmoja au wachache, na 3 zilionekana kula viwavi wa kila namna. Mwaka 2006 majibu ya DNA yalitoka: zile 3 zilikuwa makundi ya spishi zinazofanana, kila moja na viwavi wake, na jumla ikapanda mpaka 32. Mtu asikurupuke lakini akasema walaji wa kila kitu hawapo. Compsilura concinnata, aliyeingizwa Marekani mwaka 1906 kupambana na nondo mharibifu wa miti, amepatikana kwenye spishi zaidi ya 150 za viwavi, wakiwemo wa nondo wakubwa wa kienyeji ambao hakuna aliyetaka waguswe.

Basi ukifika kwenye jina, usilale. Soma maelezo kamili ya spishi hiyo, siyo zile kauli mbili za mwisho tu. Anapatikana eneo ulilomkamata? Mwenyeji wake ndiye uliyemkuta naye? Pale kauli zote mbili za jozi zilipokuwa nusu kweli, rudi, ufuate njia zote mbili, uone ipi inagonga ukuta haraka. Ikiwezekana mlinganishe na nzi wa makumbusho aliyekwisha kutambuliwa. Na kama umeridhika na familia tu, andika familia.

Chini ya nzi, kwenye pini ile ile, huwekwa lebo ya kwanza yenye tarehe, mahali na mwenyeji aliyekutwa naye. Chini yake huja ya pili: jina la nzi, jina la aliyemtambua, na mwaka. Akija mwingine akaona tofauti, haondoi ile ya kwanza. Anaongeza yake chini. Kwenye makusanyo ya zamani utakuta nzi mmoja mdogo amesimama juu ya vikaratasi vitatu au vinne, kila kimoja na jina lake, na mwandiko tofauti.